Babu wa Muuaji Alipokuja Kuhani

Jumamosi usiku, tarehe 21 Januari 1995, mkahawa mmoja wa Kiitaliano mjini San Diego, California, ulipokea simu ya mteja anayetaka piza. Aliyepewa kazi ya kuipeleka alikuwa Tariq Khamisa, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miaka 20, aliyekuwa akifanya kibarua hicho ili ajipatie hela za matumizi. Akafika mtaa wa North Park, akatafuta nyumba aliyotajiwa, akabisha, asipate mwenye oda. Anwani ilikuwa ya uongo. Aliporudi kwenye gari lake alikuta kundi la vijana wa genge wakimngoja. Walitaka piza bila kulipa. Tariq akakataa, akaingia garini, akaanza kuondoka. Mkubwa wa kundi, kijana wa miaka 18, akamwamuru mdogo wao afyatue. Huyo mdogo, aliyekuwa ameshika bastola, alikuwa na miaka 14. Risasi ilikuwa moja tu, nayo ilitosha.

Muuaji alikuwa Tony Hicks. Baba wa marehemu ni Azim Khamisa, na huyu ni mtu wa kwetu. Alizaliwa Kenya, katika jamii ya Waismailia, wale wenye jamatkhana zao Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar. Aliondoka Afrika Mashariki katika miaka ya 1970, muongo ambao Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda na jirani zao wa Kenya na Tanzania wakaanza kulala na masanduku yamefungwa. Akatua Marekani, akaingia kwenye biashara ya uwekezaji, akafanikiwa. Tariq alikuwa mwanawe wa pekee wa kiume. Familia ambayo ilikuwa imevuka bahari ikitafuta usalama ilimzika kijana wake kwa sababu ya piza.

Kilichofuata kimesimuliwa katika majukwaa mengi, na Azim mwenyewe amekiandikia kitabu. Kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha msamaha. Mimi kinanivutia kwa sababu nyingine. Visa vya msamaha sivipendi sana vinapoandikwa kana kwamba mfiwa aliamka asubuhi amegeuka malaika, akatabasamu, mambo yakaisha. Azim hakuamka hivyo. Amesimulia jinsi alivyohisi roho inamtoka alipopata habari, na jinsi majuma yaliyofuata yalivyokuwa ya mtu anayetembea tu kwa sababu miguu ipo. Msiba wake ulipita njia ambayo msomaji wa Pwani ataitambua bila kuelezwa: kuna siku za kulia, halafu kuna arobaini. Mtu wake mmoja wa karibu katika mambo ya imani alimweleza kwamba baada ya siku arobaini machozi ya walio hai hayamsaidii tena marehemu. Kinachomsaidia ni mema yanayotendwa kwa jina lake, kwani hayo ndiyo masurufu ya roho safarini. Huku kwetu tungesema amsomee hitima, achimbe kisima, alishe mayatima. Azim alikuwa na fedha za kuchimba visima vingi tu. Lakini wazo lililomkaa kichwani lilikuwa jingine: yule mtoto aliyefyatua risasi naye ana watu wake.

Tangu siku za mwanzo alikuwa amewaambia jamaa zake kwamba bastola ile ilikuwa na wahanga mbele ya mdomo wake na nyuma ya kitako chake. Hilo ni jambo rahisi kulisema kwenye mkutano. Kulisema wiki ile ile unayomzika mwanao ni habari nyingine, na haishangazi kwamba baadhi ya waliokuja kumpa pole hawakumwelewa.

Sasa tuje upande wa pili. Tony alizaliwa Los Angeles na mama aliyekuwa bado msichana mdogo, katika mitaa ambayo magenge ndiyo yaliyokuwa serikali. Alipokuwa bado mtoto wa shule ya msingi alipelekwa San Diego akalelewe na babu yake, Ples Felix. Ples alikuwa mwanajeshi wa zamani wa kikosi maalumu cha Marekani, Green Berets, aliyepigana Vietnam. Nyumbani kwake kulikuwa na utaratibu: masomo kwanza, kazi za nyumbani, saa za kurudi. Tony alimwita Baba. Kwa miaka michache mambo yalikwenda vizuri, mpaka kijana alipofika umri wa kutaka kujiona mwanamume, na walioonekana wanaume kwake walikuwa wale wa mtaani. Wikiendi ile Ples alirudi nyumbani akakuta kijikaratasi. Mjukuu alikuwa ameandika kwamba ametoroka, na kwamba anampenda. Alikuwa amechukua na bunduki ya babu. Ples akatoa taarifa polisi kwamba mtoto amepotea. Jibu lililomrudia ni kwamba mtoto anatafutwa kwa mauaji.

Hebu tukae kidogo kwenye nyumba hii ya Ples, maana huku kwetu hatukai. Mtu akiua, sisi hujua pa kwenda: nyumba ya marehemu. Huko kuna turubai, kuna sufuria za wali, kuna daftari la michango. Nyumba ya muuaji haina mgeni. Mama yake anayejifungia ndani akilia hana wa kumpa pole, kwa sababu pole hiyo ingeonekana kama kumuunga mkono mhalifu. Watoto wa nyumba hiyo hunyooshewa vidole shuleni. Mara nyingine majirani hawaishii hapo: paa linachomwa, mifugo inachukuliwa, ukoo mzima unaambiwa uhame. Aliyeua ni mmoja, lakini jina la nyumba ni la wote, na jina ndilo linaloadhibiwa. Hata wazazi wanaotamani kwenda kuhani msibani hawawezi. Watakwenda na uso gani? Wakienda watapigwa, wasipokwenda itasemwa wana kiburi.

Ples alikuwa katika hali hiyo hiyo, ugenini au kwao haijalishi. Amesimulia kwamba alipojua mjukuu wake amefanya nini, aliomba Mungu amfungulie njia ya kuifariji familia ya Khamisa. Hakuwa na ubavu wa kuwapigia simu. Njia ilifunguliwa na upande wa pili. Baadaye mwaka huo huo wa 1995 Azim, kupitia wanasheria wa kesi, aliomba akutane na babu wa kijana. Wakakutanishwa ofisini kwa wakili, Mwislamu mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa Kenya na Mkristo Mmarekani Mweusi, wasiojuana kwa lolote isipokuwa usiku mmoja. Azim akamwambia kwamba hana kinyongo naye wala na familia yake, kwamba kila mmoja wao amepoteza mtoto, mmoja kaburini na mwingine gerezani, na kwamba alikuwa ameanzisha taasisi kwa jina la Tariq ya kuwaepusha watoto na magenge. Akamwomba amsaidie kuiendesha. Ples akakubali.

Muda mfupi baadaye Azim alimwalika nyumbani kwake. Huko Ples alikutana na wazazi wa Azim, na mama yake Tariq, na jamaa wengine, akawapa mkono wa pole mmoja mmoja. Mtu anayejua misiba ya kwetu ajaribu kuiona shughuli hiyo: mwanamume aliyevuka vita vya Vietnam akiingia sebuleni kwa watu ambao mjukuu wake amewaulia kijana wao, akimsogelea bibi mzaa baba wa marehemu. Simulizi nyingi husifu ujasiri wa Azim. Kwangu mimi, aliyepiga hatua nzito zaidi siku ile ni yule aliyevuka kizingiti akiwa hajui atapokewaje.

Na katika hayo yote, Tony alikuwa wapi? Mahabusu, na mambo yake yalikuwa mabaya. Mwezi ule ule wa Januari 1995, majuma matatu tu kabla ya mauaji, California ilikuwa imeanza kutumia sheria mpya iliyoruhusu mtoto wa miaka 14 kushtakiwa kwa mauaji kama mtu mzima. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa miaka 16. Tony akawa wa kwanza katika jimbo zima kupitishwa kwenye tundu la sheria hiyo. Alikiri kosa, akaomba radhi mahakamani, na mwaka 1996 akahukumiwa kifungo cha kuanzia miaka 25 hadi maisha. Yule kijana wa miaka 18 aliyetoa amri alifungwa maisha bila nafasi ya parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti.

Naomba hili lisipitwe haraka, kwa sababu ndipo mazungumzo ya wema huu yanapoharibika. Watu wengi hudhani kwamba kumtendea wema aliyekukosea ni kumwendea hakimu na kusema basi, mwachieni. Azim hakufanya hivyo. Sheria iliachwa ifuate mkondo wake na Tony akaenda jela. Wema ulikuwa unaendelea pembeni, kwa babu, bila kumfungulia mjukuu mlango wowote. Tena ni wema wa kazi. Wazee hao wawili walianza kwenda shule moja baada ya nyingine, wakikaa mbele ya wanafunzi, mmoja akieleza alivyompoteza mwanawe na mwingine akieleza kwamba aliyemuua ni mjukuu wake. Ples amefanya hivyo mbele ya watoto wa rika la Tony kwa miaka na miaka. Kila mara inambidi atamke upya alichofanya kijana aliyemlea, mbele ya mtu aliyefanyiwa.

Na Tony mwenyewe? Azim alichukua miaka mitano kabla ya kwenda kumwona. Huyu ndiye bingwa wa msamaha anayetajwa ulimwenguni, mwenye taasisi, mwenye vitabu, na bado miaka mitano ilipita. Alipokwenda gerezani mwaka 2000 walikaa wakazungumza. Azim amesimulia kwamba alimtazama machoni akitafuta muuaji, asimwone. Kabla ya kuondoka alimwambia kijana kwamba siku atakayotoka, atakuta kazi inamngoja kwenye taasisi ya Tariq.

Baada ya ahadi hiyo Tony hakugeuka walii. Gerezani aliwahi kumshambulia askari, akaongezewa kifungo. Wanaopenda kusema wema hubadili moyo papo hapo hupunguza sauti wakifika hapa. Alibadilika polepole, kwa kusoma na kwa barua, na pengine kwa sababu kulikuwa na watu wawili nje ambao hawakuacha kuuliza habari zake. Novemba 2018 bodi ya parole ilikubali atoke, na familia ya Khamisa iliunga mkono. Akatoka Aprili 2019, akiwa na miaka 38. Katikati ya hayo likatokea jambo ambalo mwandishi wa tamthilia asingethubutu kulibuni: Septemba 2018 gavana wa California, Jerry Brown, alitia saini sheria inayokataza watoto wa miaka 14 na 15 kushtakiwa kama watu wazima. Mlango uliofunguliwa ili apite Tony ulifungwa alipokuwa akijiandaa kutoka.

Kuna wasomaji watakaosema haya ni mambo ya Marekani, nchi ya washauri nasaha na majukwaa ya hotuba. Lakini walioketi madrasa wanakijua kisa cha zamani zaidi ambacho kina funzo gumu kuliko hili, nacho ni cha Wahshi.

Katika vita vya Badr, Hamza, ami yake Mtume Muhammad (S.A.W.), alimuua ami wa Jubayr bin Mut'im. Jubayr alikuwa na mtumwa Mhabeshi, Wahshi, hodari wa kurusha mkuki. Akamwahidi uhuru akimuua Hamza kulipiza kisasi cha ami yake. Katika vita vya Uhud, mwaka 625, Wahshi alimvizia nyuma ya jiwe, akamrushia mkuki, akampata, akapewa uhuru wake. Hamza hakuwa ami tu kwa Mtume. Walinyonyeshwa na mama mmoja, kwa hiyo alikuwa ndugu yake pia, na maiti yake ilikatwakatwa. Miaka ikapita, Makka ikafunguliwa, na Wahshi akaona hana pa kukimbilia. Akaja mwenyewe, akasilimu. Kwa mujibu wa Hadithi iliyopokewa katika Bukhari, Mtume alimwuliza kama ndiye aliyemuua Hamza, akamkubali, hakumdhuru. Kisha akamwomba kitu kimoja: kama anaweza, auepushe uso wake naye. Wahshi akaondoka, na kwa muda wote Mtume alipokuwa hai alijitahidi asionekane mbele yake. Baada ya Mtume kufariki alikwenda vitani Yamama na mkuki ule ule, akashiriki kumuua Musaylima, aliyejidai utume.

Masheikh wana mengi ya kusema juu ya Hadithi hii. Mimi naitazama kama mtu aliyehudhuria misiba mingi. Wahshi alipewa kila kilicho haki yake: uhai, usalama, udugu wa dini. Hakupewa ukaribu, kwa sababu ukaribu haukuwa haki yake. Mfiwa alijua moyo wake unabeba kiasi gani, akalisema hilo waziwazi na kwa upole. Siku hizi tungemwona mtu kama huyo hajasamehe kweli. Tunataka wakumbatiane mbele ya kamera.

Picha ya namna hiyo ilipatikana Afrika Kusini. Tarehe 25 Agosti 1993, Amy Biehl, msomi wa Kimarekani wa miaka 26 aliyekuwa Chuo Kikuu cha Western Cape akitafiti haki za wanawake, alikuwa akiwarudisha marafiki zake Gugulethu, nje ya Cape Town. Umati wa vijana uliotoka kwenye mkutano wa siasa ulimwona mwanamke mweupe, ukamvamia kwa mawe na kisu. Alikuwa amebakiza siku chache tu arudi kwao. Vijana wanne walifungwa miaka 18 kila mmoja. Walipoomba msamaha wa kisheria mbele ya Tume ya Ukweli na Upatanisho, wazazi wa Amy, Peter na Linda, walisafiri kutoka California, hawakupinga, na Peter akashikana mikono na wazazi wa vijana. Mwaka 1998 wote wanne waliachiwa. Wawili kati yao, Ntobeko Peni na Easy Nofemela, baadaye waliajiriwa na taasisi iliyoanzishwa kwa jina la Amy. Linda akawa anaitwa Makhulu, yaani bibi, na vijana waliomuua bintiye.

Kisa hiki kilizunguka dunia, na kinastahili. Lakini kilipozunguka kilitumiwa vibaya. Wajane na mayatima Weusi wa nchi ile walianza kuulizwa: Wabiehl wameweza, ninyi mna nini? Watu wakasahau kwamba wapo waliokataa, na walikuwa na sababu. Familia ya Steve Biko, aliyefia mikononi mwa polisi mwaka 1977, pamoja na familia za Mxenge na Ribeiro, zilikwenda Mahakama ya Katiba mwaka 1996 zikisema serikali haina mamlaka ya kuwanyima haki ya kuwashtaki waliowaua ndugu zao. Walishindwa. Sheria ya Tume ilimtaka mwombaji aseme ukweli wote na athibitishe kwamba kosa lilikuwa la kisiasa. Kujuta haikuwa sharti. Kwa hiyo mtu aliweza kusimama, akaeleza alivyoua, akakaa chini bila kusema samahani, na mjane aliyekuwa akisikiliza hana la kufanya. Ntsiki Biko, mjane wa Steve, hakuwa na moyo mgumu kuliko Linda Biehl. Alichokataa ni serikali kumsamehe mtu kwa niaba yake. Mwaka 1999 polisi waliohusika na kifo cha mumewe walinyimwa msamaha huo, baada ya Tume kuona kwamba hawakuwa wamesema kweli.

Hapa ndipo kisa cha San Diego kinanirudisha kwetu, maana sisi tuna mabingwa wa kusamehe kwa niaba ya wengine. Wanasiasa ndio wa kwanza. Kila baada ya uchaguzi wa vurugu Kenya tunaambiwa yaliyopita si ndwele, na anayeambiwa ni yule aliyechomewa nyumba Januari 2008, ambaye hadi leo akipita barabarani anaona shamba lake likilimwa na mtu mwingine. Huyo akisalimiana na jirani yake aliyeshika panga siku ile, huo ni wema wake na ni mkubwa. Waziri akimwamuru asalimie, wema unatoka wapi?

Wa pili ni wazee wa ukoo, na juu yao nitasema kwa adabu lakini nitasema. Suluhu za kwetu ni mali kubwa. Katika Uislamu, aya ya 178 ya Suratul Baqara inawapa warithi wa aliyeuawa nafasi ya kusamehe na kupokea fidia badala ya kisasi, na inamtaka mlipaji alipe kwa wema. Wasomali, Waborana, na wengi wa wafugaji wa kaskazini wana taratibu zao za kulipa damu kwa ngamia na mbuzi, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 159, inazitaka mahakama ziheshimu njia za kimila za kupatanisha. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikwenda mbali zaidi: iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kusuluhishana na fidia ya mifugo kutolewa. Wanasheria waligawanyika. Wako walioona ni haki kwa watu wanaotaka kuendelea kuishi pamoja, na wako walioona tajiri sasa atajinunulia uhai wa maskini. Kila upande una hoja, na mimi sina haraka ya kuchagua.

Swali langu ni dogo kuliko hilo. Wazee wanapokaa chini ya mti na kukubaliana, nani ameulizwa? Katika suluhu nyingi wanaozungumza ni wanaume wa pande mbili: ami, kaka, mashemeji. Wanahesabu mifugo, wanasoma dua, wanakula pamoja. Mjane huletewa habari jambo likiwa limekwisha. Fidia ikifika inaingia kwenye zizi la ukoo, na yeye anabaki na watoto na anapangiwa jirani wa kumsalimia. Kama yule mama alikuwa na wema wa kutoa, hakupewa nafasi ya kuutoa. Na kama hakuwa nao bado, alikuwa akihitaji miaka mitano, hiyo nayo hakupewa.

Nimewahi kumsikia mzee mmoja akitetea utaratibu huo kwa kusema kwamba ukiwauliza wanawake hawatakubali kamwe, na damu itaendelea kumwagika. Sidhani. Ushahidi wa San Diego, na hata wa Gugulethu, unaonyesha kinyume. Azim hakusema kwa niaba ya mkewe wa zamani wala ya binti yake. Alikwenda kwa Ples kama Azim, baba wa Tariq. Wengine wa nyumba ile walikuja kwa wakati wao, kila mtu kwa mwendo wake. Tasreen, dada yake Tariq, hatimaye aliingia kazini katika taasisi ile na kuwa mkurugenzi mtendaji wake, na Tony alipofika mbele ya bodi ya parole, naye alikuwa miongoni mwa waliotaka atoke.

Kwa hiyo, kwa msuluhishi anayesoma haya, awe chifu, sheikh, mchungaji au mwenyekiti wa mtaa, ninalo ombi moja la kiutendaji. Kabla ya kuitisha kikao cha pande mbili, afike kwenye nyumba mbili peke yake. Kwenye nyumba ya aliyekosa, awaulize wazazi kama wako tayari kuja kuhani, na kama wanaogopa awasindikize yeye. Kwenye nyumba ya mfiwa, amwite mjane na watoto wakubwa, bila mashemeji, awaulize wanataka nini, nani wako tayari kumwona aliyekosa na nani hawataki hata kusikia jina lake. Majibu ayaandike kama yalivyo. Atakuta nyumba moja ina majibu matatu au manne yasiyofanana, na kikao chake kitabidi kiyabebe yote.